Nani Akae Kiti cha Saba

Marlys Tveit alikuwa na mambo mawili aliyoyaweza kuliko mtu mwingine yeyote pale mjini Ostby: kuendesha basi la shule juu ya barafu, na kununa. Kuendesha alikujua kwa miaka ishirini na miwili ya kazi. Kununa alijifunza alipokuwa mke wa Harlan Moe.

Sasa tazama masaibu yaliyomkuta mwezi ule wa Machi, theluji bado imerundikana kando ya barabara na kila nyumba imechomeka kibao cha kampeni mbele ya baraza. Bodi ya shule ina watu saba. Watatu walitaka hivi, watatu walitaka vile, na wa saba alikuwa amefungasha virago akahamia Arizona kwa binti yake, kachoshwa na baridi ya Wisconsin. Kiti chake kilibaki wazi, na waliojitokeza kukigombea walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa Harlan Moe, ambaye Marlys aliachana naye miaka kumi na minne iliyopita. Mwingine alikuwa Arlo Tveit, mdogo wake wa tumbo moja.

"Mwenzangu, hapo pana swali kweli?" Ardis alimwambia kanisani, wakiosha vikombe vya kahawa. Ardis ni rafiki yake tangu shule, na mjukuu wake hupanda basi la Marlys. "Huku ndugu yako, huku yule mtu wa kupimapima. Mimi ningepiga kura macho yamefumbwa."

"Ndivyo wanavyopiga wengi," Marlys akajibu, wakacheka.

Lakini moyoni hakuwa anacheka, maana kile kiti cha saba ndicho kingeamua mambo ya basi lake.

Njia namba saba inakwenda kaskazini, kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa, na mtoto wa kwanza kupanda ni Junie Rasko, mwenye miaka mitano, wa chekechea. Anapanda saa kumi na mbili na dakika ishirini alfajiri, giza totoro, na kengele ya shule inalia saa mbili kasoro dakika ishirini. Hesabu mwenyewe: saa nzima na dakika ishirini. Januari iliyopita, siku ya baridi kali kupita zote, Junie alishindwa kujizuia, akajikojolea kitini. Hakulia. Alikaa kimya, mikono ameikunja juu ya mapaja ili wenzake wasione, na Marlys akamwona kwenye kioo. Tangu siku ile Marlys huweka chini ya kiti chake suruali mbili ndogo, safi, zimekunjwa ndani ya mfuko.

Sasa dereva wa njia namba tano alikuwa anastaafu na mwingine hapatikani. Lowell Stroud, mwenyekiti wa bodi, alikuwa na dawa yake: njia namba tano na namba saba ziunganishwe, Marlys abebe wote. Junie angepanda saa kumi na moja na nusu. Safari ingezidi saa mbili. Wajumbe watatu walikubali, watatu wakakataa.

Jumatano moja Marlys alipita kwenye duka la Arlo. Ni duka la misumari, rangi na sepetu za theluji, na pembeni pana birika la kahawa ya bure, kwa hiyo halikosi watu. Arlo anapendwa. Ukifiwa, yeye wa kwanza mlangoni na bakuli la viazi na nyama. Ukikwama mtaroni, anakuja kukuvuta na gari lake, tena anakushukuru kwa kumwita.

"Arlo, ule mpango wa kuunganisha njia unaupinga au huupingi?"

"Dada, wewe tena! Naupinga. Lako hilo, ondoa shaka."

"Nitazame."

"Nakutazama! Naupinga kabisa. Kunywa kahawa basi, mbona umevaa sura ya msiba?"

Alitoka pale moyo umetulia nusu. Nusu nyingine haikutulia, na alijua kwa nini. Hajapata kumsikia Arlo akimkatalia mtu jambo lolote tangu alipoanza kusema.

Wiki iliyofuata simu ililia. Ilikuwa sauti ambayo Marlys alikuwa amezoea kuisikia mara mbili tu kwa mwaka.

"Marlys, ni Harlan. Nimepata ruhusa ya mkurugenzi wa shule. Nataka kupanda basi lako Jumatatu na Jumanne."

"Upande kama nani?"

"Kama mtu anayeomba kura juu ya jambo asilolijua."

Unahitaji kumjua Harlan kidogo. Alikuwa mpima ardhi, na hata baada ya kustaafu hakuacha kupima. Walipokuwa wameoana, zulia jipya la sebuleni lilikaa limeviringishwa miezi mitano kwa sababu aligundua kuta za nyumba hazikunyooka. Usiku mmoja Marlys alimwuliza kama bado anampenda, naye akauliza, "Ukilinganisha na lini?" Hakuwa na ubaya. Alitaka kujibu sawasawa. Marlys alihama kabla ya majira ya kuchipua.

Jumatatu ile alikuja na ubao wa kuandikia na saa ya makocha ya kuhesabia dakika ikining'inia shingoni.

"Kaa nyuma," Marlys alimwambia.

"Nyuma siuoni mlango," akasema, akaketi nyuma yake hasa, na shingo ya Marlys ikaanza kuwasha.

Junie alipopanda, alimtazama mgeni toka juu mpaka chini. "Wewe nani?"

"Naitwa Harlan. Nataka kujua safari yenu ni ndefu kiasi gani."

"Ni ndefu mpaka Bi Marlys anamaliza nyimbo zote."

"Zote ni ngapi?"

"Kumi na nne. Halafu anarudia ule wa bata."

Harlan akaandika. Naam, aliandika! Marlys akauma meno, akashika usukani. Kwenye kila lango basi liliposimama alisikia saa ile ikibonyezwa nyuma ya sikio lake. Walipofika kwa akina Brekke, taa ya jikoni ilikuwa ndiyo kwanza inawaka, mama mtu akapunga mkono dirishani, Marlys akainua vidole viwili juu ya usukani, wakangoja. Hapa kwetu jirani haambiwi kuwa amechelewa. Anapungiwa mkono, anangojwa, na mwisho wa mwaka analeta biskuti.

Watoto waliposhuka shuleni, Harlan aliuona ule mfuko chini ya kiti. "Suruali hizi za nani?"

Marlys akamweleza habari ya Januari, kwa maneno machache, bila kumgeukia. Harlan alifunika kalamu yake. Hilo hakuliandika. Jumanne akarudi tena, akapima upya.

Mdahalo wa wagombea ulifanyika Alhamisi kwenye ukumbi wa michezo wa shule, viti vya kukunja, keki za kuchangia mezani. Watu walijaa. Ungesikia maswali yao ungeshika tama. Mmoja aliuliza kama bendera ya ukumbini ni kubwa vya kutosha. Mwingine akauliza jina la timu litabadilishwa au litabaki. Wa tatu, mtu mzima na ndevu zake, alitaka kujua wagombea wanasemaje juu ya vita vya ng'ambo, utadhani bodi ya Ostby ina jeshi la majini. Arlo aliwajibu wote vizuri, kwa mzaha na upole. Harlan alijibu mara tatu mfululizo, "Hilo si kazi ya bodi," na kila alipolisema aliwapoteza watu kumi.

Marlys akasimama. "Nyote wawili. Njia namba saba mtaifanyaje?"

Arlo akatabasamu. "Dada yangu huyo, jamani, msimwogope! Mimi niko upande wa watoto. Niko pia upande wa madereva, na Lowell hapa anajua ninavyoiheshimu kazi ya bodi. Tukikaa pamoja kama majirani, hatushindwi." Makofi yakapigwa, na Lowell akapiga kuliko wote. Marlys alirudia majibu yale kichwani mara mbili, akitafuta jibu ndani yake, na hakuliona.

Harlan akafungua karatasi. "Nimepanda basi hilo siku mbili. Safari ni dakika themanini. Ishirini na moja kati ya hizo ni za Marlys mwenyewe."

Harlan akageuza karatasi.

"Anawangoja akina Brekke dakika nne kila siku. Anaingia kijia cha Ardis nusu maili, anatoka nusu maili, kwa sababu mjukuu hapendi upepo. Yako malango mengine sita ya namna hiyo. Tukiacha hayo, tukaanza safari mashariki badala ya kaskazini, na watoto wa njia namba tano wakagawanywa mabasi mawili, hakuna mtoto atakayekaa ndani ya basi zaidi ya dakika hamsini na tano. Hakuna haja ya kuunganisha. Lakini kila familia itabidi iwe barabarani kwa wakati, na aliyechelewa ataachwa. Mkinichagua, nitakuja kuwaambia mlangoni kwenu mmoja mmoja. Marlys hatabebeshwa lawama hiyo."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Brekke alikuwa mwekundu kama kaa la moto. Ardis aliinuka, akachukua bakuli lake la keki likiwa bado na keki, akaondoka. Marlys akatoka kwa mlango wa nyuma, akakaa ndani ya gari lake akilia kwa hasira. Miaka ishirini na miwili hajapata kumgonga hata paka, na leo anatajwa mbele ya watu kama mwizi wa dakika!

Kesho yake mchana alimkuta Harlan kwenye uwanja wa mabasi, anamngoja.

"Umenivua nguo mbele ya mji mzima."

"Uliniuliza mbele ya mji mzima."

"Ungeniambia kwanza pembeni, Harlan! Mtu na akili zake angeniambia kwanza pembeni!"

Upepo ulikuwa unazipeperusha nywele chache za Harlan, naye hakuzishika. "Hapo una haki," akasema. "Ilinipasa kukwambia kwanza. Halikunijia akilini kabisa. Yanayonipita huwa ndiyo hayo, na wewe unayajua kuliko mtu yeyote. Nisamehe."

"Na dakika?"

"Dakika ni zilezile ishirini na moja."

Marlys akampa mgongo, akaenda zake. Jumatatu alfajiri aliazima saa ya mwalimu wa riadha, akaining'iniza kwenye kioo, akahesabu mwenyewe. Kwa akina Brekke, ambao sasa walimpungia mkono kwa nguvu zaidi ili kumwonyesha wako pamoja naye, alingoja dakika tano. Kwa Ardis, sita. Alipozima injini shuleni, jumla ilikuwa ishirini na tatu.

Alibaki kitini watoto wote wameshashuka. Aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio. Kumbe ule wema wake wote wa kupunga na kungoja ulikuwa unalipwa na mtu, na anayelipa ni mtoto wa miaka mitano asiyejua kulalamika. Na katika mji wenye watu elfu mbili, waliolijua jambo hilo kwa miaka mingi wakinywa naye kahawa, aliyelisema ni mmoja.

Siku zile zilizobaki aliwaza sana. Kila uchaguzi wa bodi alikuwa amepiga kura kwa namna ileile. Alimpa yule aliyekuja msibani, au yule ambaye mama yake aliimba kwaya na mama yao. Hajawahi kujiuliza mtu huyo akishaketi pale anafanya nini. Anasoma makaratasi aliyotumiwa, au anayafungua palepale mezani? Akiulizwa asilolijua, anakwenda kuangalia, au anatabasamu? Anaweza kumkatalia Lowell? Na hili ndilo lililomsumbua kuliko yote: anaweza kunikatalia mimi? Maana akishindwa kunikatalia mimi, hawezi kumkatalia mwingine, na watoto wakawa mali ya yeyote anayezungumza naye mwisho.

Tabia iliyomfukuza nyumbani kwa Harlan, ile ya kutoliachia jambo mpaka lipimwe, ndiyo iliyokuwa inahitajika kwenye kiti kile. Kama mume alikuwa adhabu. Marlys alikasirika na Mungu kidogo kwa mpango huo.

Jumanne ya uchaguzi ilikuwa ya mvua na tope. Kwenye kituo cha kupigia kura, katika chumba cha chini cha kanisa, alipewa karatasi na kalamu. Jina la Arlo lilikuwa la kwanza. Alimkumbuka ana miaka sita, anafungwa kamba za viatu vya kutelezea kwenye barafu, anacheka tu. Marlys alimlea mtoto yule mama yao alipougua. Akapiga moyo konde, akajaza kiduara cha pili, mbele ya jina la Harlan Moe, akaitumbukiza karatasi kwenye mashine haraka kabla hajabadili nia. Njiani kurudi alijiona msaliti, na hakuna hoja aliyojipa iliyomwondolea maumivu hayo.

Matokeo yalitangazwa redioni asubuhi. Harlan kura mia mbili sitini na nane. Arlo mia mbili hamsini na saba. Kumbe hata baada ya mdahalo ule walikuwepo waliofikiri kama yeye, kimya kimya, bila kumwambia mtu.

Baada ya kuwashusha watoto alikwenda dukani. Arlo alikuwa peke yake, anapanga makopo ya rangi. Alitabasamu alipomwona, lakini macho yalikuwa yamevimba.

"Ajabu, dada. Tangu nifungue mlango, kila anayeingia ananiambia kura yake alinipa mimi. Kila mmoja! Mpaka wawili wa wilaya ya pili, ambao hapa hawana kura. Lowell kaja, Ardis kaja, mchungaji kaja. Ukiwajumlisha, nimeshinda kwa mbali." Akageuza kopo moja, likatazama mbele. "Sasa nakuuliza wewe. Ulinipa?"

Ingekuwa rahisi kiasi gani kusema ndiyo. Neno moja, kahawa, na Krismasi ingekuja wakae meza moja.

"Hapana, Arlo. Nilimpa Harlan."

Arlo alisimama na kopo mkononi. Hakukunja uso, hakufoka. Aliliweka rafuni polepole.

"Yule yule?"

"Yule yule."

"Ungeniambia mapema."

"Ilinipasa. Niliogopa."

Arlo alikwenda kukaa kwenye kiti cha nyuma ya kaunta, akajishika kichwa. Marlys alidhani atamfukuza, akajiambia kwamba akifukuzwa haondoki.

"Nikuulize na mimi," Marlys akasema. "Ule mpango wa mabasi. Ungefika siku ya kura, wajumbe watatu huku, watatu kule, wote wanakutazama wewe. Ungesemaje?"

Nje gari lilipita likarusha tope.

"Ningeunganisha."

"Arlo! Uliniahidi! Hapa hapa uliposimama, uliniambia unaupinga kabisa!"

"Lowell naye nilimwahidi." Alisema taratibu, bila kujitetea. "Nyote mlikuwa na maneno mazuri. Sikujua nifanyeje. Nikasema nitamfuata aliyeniomba kwanza, angalau hiyo ni haki. Lowell alikuja Jumatatu, dada. Wewe ulikuja Jumatano."

Marlys alivuta ndoo ya misumari, akaigeuza, akaikalia, na misumari ikamwagika sakafuni wote wawili wakiitazama bila kuinama kuiokota.